Tupeane uzoefu: Masharti ya usalama saiti, wewe yalikukuta yapi?

Kipimamaji
Wakuu habari za jioni. Leo kampuni tunayoifanyia kazi huku Tegeta imebandika getini karatasi ya masharti: buti, helmeti, riflekta, mkanda ukipanda juu, marufuku simu ukiwa kwenye jukwaa, marufuku kuja umelewa. Ukikosa kimoja unarudi nyumbani na siku hailipwi. Nimeisoma yote mpaka chini kwenye muhuri. Hakuna hata mstari mmoja unaosema kampuni yenyewe itatoa nini. Buti zangu nimenunua mwenyewe Karume. Ninavyojua, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na siyo kwa kumkata mtu. Mliopita saiti za Dar, huko kwenu ikoje?

Fundi Jukwaa
Huku Goba mikanda ipo, mipya kabisa, iko stoo kwenye mifuko yake ya nailoni. Inatoka siku wakija watu wa OSHA, wale wakaguzi wa serikali wa usalama kazini. Wakishapanda gari lao, storikipa anahesabu na kufunga kufuli.

Dada wa Zege
Kweli tupu. Na sabuni ya kunawia inatoka siku hiyohiyo. Kaka zangu mnalalamikia helmeti, sisi tunaobeba ndoo za zege tunaomba choo chenye mlango kwanza. Mwanamke anakaa bila kunywa maji tangu asubuhi, jua la Dar mnalijua, halafu apande ngazi na ndoo kichwani. Akipata kizunguzungu na kudondoka wataandika "alikosa umakini".

Saidia_Kinyerezi
+1 dada. Choo ni usalama.

Injinia Mtaa wa Pili
Naomba tuwe wakweli pande zote. Mimi nasimamia saiti. Nimegawa helmeti, wiki haijaisha nakuta fundi kaigeuza ya kuchotea maji, mwingine yuko ghorofa ya tatu na kandambili. Ukimwambia anakujibu "nimejenga kabla hujazaliwa". Siyo kila kitu ni mwajiri.

Fundi Jukwaa
Injinia, huyo mwenye kandambili umempa buti za saizi yake? Saiti yetu zilikuja namba 44 zote. Mtu wa namba 40 akivaa hizo kwenye mirunda, hizi nguzo za miti za jukwaa, si atakwaa na kuanguka?

Injinia Mtaa wa Pili
Hilo nakubali. Ila mkanda nao mnasema unabana.

Fundi Jukwaa
Unabana kwa sababu hakuna pa kuufunga! Unaning'inia kiunoni kama pambo. Nionyeshe sehemu moja tu kwenye jukwaa la mirunda ambayo ukiufunga mkanda itakushika.

Mkongwe wa Msingi
Wanangu, mnabishania juu, mimi nawaambia angalieni chini. Nimeona watu wakianguka, lakini kitu ambacho hakinitoki ni mtaro.

Ilikuwa masika, Mbezi Juu. Tunachimba mtaro wa bomba la maji taka, kina kimeshapita kichwa cha mtu. Jirani aligoma udongo usimwagwe upande wa ukuta wake, kwa hiyo tukaambiwa tuurundike ukingoni hapohapo tulipo. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi nikaona ufa juu ya ardhi, unaenda sambamba na mtaro, kidole kinaingia. Nikamwita foremani, nikamwonyesha. Akasema, "Mzee, malizieni hizo mita tatu, halafu mtapanda." Lori la kokoto likapita pembeni.

Hakukuwa na kelele. Niliona tu ukuta wa kushoto umesogea. Vijana wawili waliruka wakatoka, wa tatu udongo ukamkamata mpaka kifuani. Yuko wima, uso unaonekana, anatuangalia. Akasema, "Mzee, pumzi hairudi." Wasiojua wanafikiri mtu anakufa akifunikwa kichwa. Si hivyo. Akitoa pumzi kifua kinashuka, udongo unajaza ile nafasi, akitaka kuvuta tena kifua hakina pa kwenda.

Dereva wa kijiko akawasha mashine amchimbue. Tukasimama mbele ya kile kijiko tukamzuia, maana kingemkata, na mtikisiko ungeangusha upande wa pili. Wengine walitaka kumvuta kwa kamba, nao tukawakatalia. Tukashusha mabao ya boksi ya zege, tukakaza upande uliobaki kwa mirunda, ndipo tukashuka. Sululu haikuguswa. Tulichota kwa mikono, kwa sufuria za mama lishe, na kwa helmeti, Injinia, hizo hizo unazosema. Alipotoka nyonga ilikuwa imevunjika. Tukamlaza kwenye ubao, pikapu ikampeleka Muhimbili. Yuko hai, anatembelea gongo.

Sasa sikilizeni. Kesho yake getini tukakuta daftari la "mafunzo ya usalama", limeandikwa tarehe ya mwezi uliopita. Kila mtu asaini ndiyo aingie. Jina la kwanza ni la yule kijana, na saini yake tayari ipo, imezungushwa vizuri. Kijana yule hajui kuandika. Malipo yote tuliyochukua pamoja aliweka dole gumba.

Nikawarudishia kalamu yao. Kazi ikaishia hapo.

Dada wa Zege
Mungu wangu. Mzee pole sana. Kwa hiyo kijana alilipwa?

Saidia_Kinyerezi
Nimeacha kula. Na sisi tulisainishwa daftari kama hilo Jumatatu!

Zege Halilali
Usisaini kamwe.

Mtoto wa Buguruni
Usisaini halafu jioni ule nini? Saini, ila andika tarehe halisi pembeni ya jina lako.

Zege Halilali
Ukiandika tarehe yako watachana ukurasa. Piga picha daftari.

Mtoto wa Buguruni
Na masharti yanasema simu marufuku, hapo umejifukuzisha mwenyewe 😂

Mkongwe wa Msingi
Dada, kampuni ilitoa pesa ya matibabu ya mwanzo, ikasema imemaliza, yule ni deiwaka, kibarua wa siku, na hayupo kwenye vitabu. Ndugu zake walipeleka madai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Tuliokuwa mtaroni tukatoa maelezo. Yule mama lishe naye alikuja na daftari lake la madeni ya chakula, lina jina la kijana siku kwa siku. Kijana akalipwa.

Afisa Rasilimali
Daftari la mama lishe! Wadau, hapo pana somo kubwa kwa vibarua. Nifafanue kidogo, nimeshughulikia haya kazini. Mchango wa WCF analipa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Ukiona makato yameandikwa hivyo, uliza. Ajali itolewe taarifa mapema, na madai yasizidi miezi 12. Usikubali kuambiwa kibarua hana chake. Kinachobishaniwa mara nyingi ni ushahidi kwamba siku ile ulikuwa kazini. Ujumbe wa foremani wa kukuita, muamala wa malipo kwenye simu, picha ya saiti, majina ya mliokuwa nao, tunza vyote.

Mpita Njia
Mnakumbuka Ijumaa Kuu ya 2013, lile ghorofa 16 lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi? Walikufa watu 36. Halafu jengo la Kariakoo Novemba 2024, watu wanapiga simu wakiwa chini ya kifusi. Tunazika, tunaunda kamati, tunarudi kuchanganya zege.

Injinia Mtaa wa Pili
Mzee Mkongwe, nimesoma mara mbili. Hilo la saini ni jinai, halina jina lingine. Na kwa wote: mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu, ukilowa ni zaidi. Mtaro ukifika kiunoni anzeni kuuangalia, ukipita kifua usishukwe bila kukingwa kwa mbao pande zote mbili. Udongo ukae mbali na ukingo, walau hatua moja kubwa ya mtu mzima. Ngazi iwe ndani muda wote. Na baada ya mvua, ukaguliwe upya kabla mtu hajashuka.

Fundi Jukwaa
Hapo Injinia tuko pamoja. Na buti za saizi.

Injinia Mtaa wa Pili
Na buti za saizi, nimekuelewa kaka.

Saidia_Kinyerezi
Wakuu, sisi kesho tunaendelea na shimo la tangi la maji, limeshafika shingoni na leo imenyesha. Mbao za kukingia zinapatikana wapi kwa haraka? Foremani anasema bajeti haina.

Mkongwe wa Msingi
Mwanangu, mtaa wenu haukosi fundi anayefungua boksi la slabu wiki hii. Muulizeni awakodishie mabao na mirunda kwa siku, ni bei ya kawaida tu. Mwambie foremani mbele ya wenzako wote, siyo peke yako. Zisipofika, msishuke.