Bonde, bidhaa au haki: je, fikra ndizo zinazotawala maji?

Swali

Ndugu zangu, ninasoma kuhusu usimamizi wa rasilimali za maji na kuna jambo linalonitatiza. Nchi zinazotofautiana sana kwa hali ya hewa, utajiri na historia zimetunga, tangu miaka ya 1990, sheria za maji zinazofanana kwa namna ya kushangaza: maji yasimamiwe kwa mipaka ya bonde la mto (yaani eneo lote ambalo maji yake huishia katika mto mmoja), watumiaji washirikishwe, na thamani ya kiuchumi ya maji itambuliwe. Je, ni fikra zilizokubalika na wengi ndizo zilizozaa sheria hizo, au fikra ni vazi tu ambalo wenye nguvu huyavika maslahi yao?

Mchangiaji wa kwanza

Asili ya mfanano huo inaweza kufuatiliwa kwa tarehe. Januari 1992 wataalamu walikutana Dublin, Ireland, wakatoa kanuni nne: kwamba maji baridi (yasiyo ya chumvi) yana kikomo na huharibika kwa urahisi; kwamba usimamizi wake uwe shirikishi; kwamba wanawake wana nafasi ya msingi katika kuyapata, kuyasimamia na kuyalinda; na kwamba maji yatambuliwe kuwa bidhaa ya kiuchumi. Juni mwaka huohuo mkutano wa Rio de Janeiro ulijadili mambo hayohayo, na mwangwi wake unasikika katika sheria ya maji ya Afrika Kusini ya 1998 na katika mwongozo wa maji wa Umoja wa Ulaya wa 2000.

Kwa maoni yangu, fikra ya namna hii hufanya kazi kwa kuamua kipi kionekane na kipi kisionekane, hata kabla ya kumshawishi mtu yeyote. Ukishakubali kwamba bonde ndilo kipimo sahihi cha usimamizi, unahitaji ofisi ya bonde, takwimu za bonde na baraza la bonde, na watu wa juu na wa chini ya mto, ambao hapo awali kila mmoja alikuwa na mkuu wake wa wilaya, wanajikuta wameketi meza moja. Papo hapo unazaa ofisi ambayo mipaka yake hailingani na jimbo lolote la uchaguzi, hivyo si rahisi kujua inawajibika kwa nani. (Tena maji ya chini ya ardhi mara nyingi hayafuati mipaka ya bonde tunayoiona juu, lakini ni nadra dhana hiyo kutiliwa shaka kwa sababu hiyo.)

Mchangiaji wa pili

Ninaheshimu maelezo hayo, ila yanawapa wataalamu sifa isiyo yao. Tazameni Cochabamba, Bolivia, ambako huduma ya maji ilikabidhiwa kampuni binafsi, ankara zikapanda ghafla, na watu waliojichimbia visima wakahofia kuvipoteza. Maandamano ya 2000 yaliulazimisha mkataba uvunjwe mwezi Aprili. Fikra ya maji kuwa bidhaa ilifika pale ikiwa imebebwa na masharti ya wakopeshaji, na aliyeipinga alionekana haelewi uchumi. Miaka kumi baadaye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipotambua haki ya binadamu ya kupata maji safi, nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 hazikuegemea upande wowote. Hizo 41 zilijua vyema kwamba maneno yana gharama.

Mchangiaji wa kwanza

Mwenzangu, mfano wako ni mzito, lakini isome tena kanuni ya nne ya Dublin. Kabla ya kufika kwenye bei, maelezo yake yanataka kwanza itambuliwe haki ya msingi ya kila binadamu kupata maji safi na usafi wa mazingira kwa gharama anayoimudu. Haki na bidhaa zimewekwa katika aya moja, bila kuelezwa ipi itangulie zinapogongana. Nadhani hapo ndipo penye siri ya kusambaa kwake: kila upande uliona neno lake na kuafiki, na ugomvi ukasogezwa mbele hadi siku ya kupanga bei.

Mchangiaji wa tatu

Ningeongeza kwamba fikra inaweza kuishi muda mrefu kuliko maslahi yaliyoizaa. Mwaka 1922 majimbo saba ya Marekani yaligawana mto Colorado kwa kuamini kwamba mto una kiasi chake cha kila mwaka, na kwamba kiasi hicho kinajulikana. Bonde la juu na bonde la chini yalipewa takriban mita za ujazo bilioni 9.25 kila moja. Vipimo vilitoka katika miaka iliyokuwa na mvua isiyo ya kawaida, na mataifa ya wenyeji asilia hayakuwa mezani. Leo mgawo ulioandikwa unazidi maji yaliyopo na unawaumiza hata waliokuwa na nguvu, lakini kila mazungumzo huanzia kwenye tarakimu hizohizo.

Mwuliza swali

Nawashukuru. Na fikra ambazo hazikupitia mkutano wala mkataba?

Mchangiaji wa tatu

Huko Bali, kisiwa cha Indonesia, vyama vya wakulima wa mpunga viitwavyo subak hupanga zamu za maji kupitia mahekalu. Mashamba ya eneo moja hupandwa na kupumzishwa kwa wakati mmoja, hivyo wadudu hukosa chakula. Miaka ya 1970 serikali ilipohimiza mbegu mpya na kupanda mfululizo, wadudu waliongezeka na maji yakagombaniwa. Mwanaanthropolojia J. Stephen Lansing na mwanaikolojia James Kremer walitumia kompyuta kuonyesha kwamba ratiba ya mahekalu ilikuwa inasawazisha mahitaji ya maji na udhibiti wa wadudu. Wapangaji wa umwagiliaji walikuwa wameihesabu ratiba hiyo kuwa ibada tu, kwa hiyo haikuwamo katika mipango yao.