Malalamiko: Acheni kumchimbia kaburi George R. R. Martin, jadilini kazi yake

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila mtu anapouliza kwa adabu kitabu cha sita cha A Song of Ice and Fire, riwaya za njozi za Martin kuhusu koo zinazogombea kiti cha enzi, kimefikia wapi, hazipiti komenti chache kabla hajajitokeza mchangiaji wa kuandika kwamba mzee atakufa hajamaliza. Mwingine humshangilia, na wa tatu huleta hesabu ya miaka yake, kwamba alizaliwa mwaka 1948, kana kwamba tumekaa kikao cha kugawa mirathi. Tumelelewa kujua kwamba kumtabiria mtu mauti hadharani ni uchuro, na sielewi tabia hiyo imepata wapi kibali cha kuingia kwenye jukwaa la vitabu. Agosti 2025, kwenye kongamano la wapenzi wa fasihi ya namna hii huko Seattle, msomaji mmoja alisimama akamwambia Martin ana kwa ana kwamba hana muda mrefu wa kuishi, kisha akamuuliza angeonaje kazi yake ikimaliziwa na mwandishi mwingine. Ukumbi ulimzomea msomaji yule. Humu kwetu angepigiwa makofi.

Msinielewe vibaya, kwa maana madai ya msingi tunayo sote. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996, cha pili mwaka 1998, cha tatu mwaka 2000, na hapo tulizoea mwendo ambao haukudumu: cha nne tulikipata mwaka 2005, cha tano tarehe 12 Julai 2011, na cha sita, The Winds of Winter, tunakingoja hadi leo. Januari 2016 mwandishi mwenyewe alitangaza kwamba muda aliopewa na wachapishaji umepita bila kitabu kukamilika. Oktoba 2022 alisema amefika kama robo tatu ya kazi, na Novemba 2023 akasema angali na kurasa zipatazo 1,100, yaani karibu pale pale. Katikati ya kungoja huko alitoa Fire & Blood mwaka 2018 na kujifunga katika kazi za televisheni. Anayesema kwamba amejitwisha mizigo mingi mno ana hoja, na mimi nakubaliana naye.

Kinachonichoma zaidi ni kundi la pili, linalodai kwamba hana haja ya kuchelewa kwa sababu eti alinakili historia ya Uingereza, hivyo amalizie tu kunakili. Kauli hiyo inaonyesha kwamba anayeisema hajawahi kuweka vitu viwili mezani akavilinganisha. Martin hajawahi kuficha alikochota. Amesema mara nyingi kwamba vita vya York na Lancaster, koo mbili zilizogombea ufalme wa Uingereza, vilivyoanza mwaka 1455, ndivyo vilivyompa mbegu ya ugomvi wa Stark na Lannister, koo hasimu za vitabu vyake, na amemtaja kwa heshima Mfaransa Maurice Druon, aliyeandika juzuu saba kuhusu wafalme waliolaaniwa wa Ufaransa. Mwaka 1981 alizuru ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, akasimama juu yake jioni akijaribu kuwaza askari wa Kirumi, aliyetolewa mbali na kwao, alikuwa na hofu gani alipotazama vilima vya kaskazini bila kujua nini kingetoka huko. Ukuta ule leo mtu mzima anaweza kuupanda. Wa Martin ni wa barafu, una kimo cha zaidi ya mita 200, na nyuma yake kuna wafu wanaotembea. Kilichochukuliwa pale ni hofu ya yule askari, na hofu hainakiliwi.

Chukueni pia ile harusi ya kitabu cha tatu, ambako wenyeji wanawaua wageni wao, iliyowaliza wengi humu. Amesema ilitokana na matukio mawili ya Uskoti. Mwaka 1440 kijana aliyekuwa mkuu wa ukoo wa Douglas alialikwa pamoja na mdogo wake kula katika kasri la Edinburgh, na inasimuliwa kwamba katikati ya karamu kililetwa mezani kichwa cha fahali mweusi, alama ya kifo, kisha vijana hao wakatolewa nje wakauawa. Mwaka 1692 huko Glencoe, askari waliokuwa wamepewa malazi na chakula na ukoo wa MacDonald waliamka alfajiri wakawaua wenyeji wao. Katika matukio yote mawili hatujui wafu walikuwa nani kwetu. Martin alitumia maelfu ya kurasa kutufanya tumjue Catelyn, binti wa watu, mke na mama, hata tunapofika ukumbini tunaona kabla yake kwamba muziki umebadilika. Nani alimwandikia hayo, historia?

Na hapo ndipo sababu ya kuchelewa ilipo, kwa anayetaka kuielewa. Martin huwagawa waandishi katika wasanifu, wanaochora ramani yote kabla ya kujenga, na watunza bustani, wanaopanda mbegu wakaona itakavyochipua, naye amejiweka kwa hao wa pili. Masimulizi haya yalianza mwaka 1991 kwa tukio moja tu la watoto wa mbwa-mwitu ndani ya theluji, yakauzwa kwa wachapishaji yakiwa ya vitabu vitatu, na sasa yanakusudiwa kuwa saba. Baada ya kitabu cha tatu alipanga kuruka miaka mitano ya hadithi, akaandika sana kwa mpango huo, kisha akautupa kwa kuona hadithi inakwama. Katika kitabu cha tano, A Dance with Dragons, suala moja tu la mwanamfalme Quentyn kufika Meereen, mji anaoutawala malkia Daenerys, aliliandika kwa namna tatu, akimfikisha mapema kabla ya ndoa ya Daenerys, akimchelewesha sana, na akimfikisha siku moja kabla, na fundo halikufunguka mpaka alipompa mzee Barristan, mlinzi wa malkia huyo, sura zake mwenyewe. Mtu anayefanya kazi hivi hawezi kuharakishwa kwa matusi.

Sasa wamezuka na wanaotaka akili mnemba imalizie, na wengine wanarushiana faili za kurasa zilizotungwa na mashine kana kwamba ni kazi halali. Wajue kwamba Septemba 2023 Martin na waandishi wenzake waliishtaki OpenAI, kampuni ya akili mnemba, mahakamani New York kwa kutumia vitabu vyao bila idhini. Kumsambazia mtu huyo huyo mwisho wa bandia, tena kwa jina lake, ni kumkosea mara ya pili.

Nawaomba wasimamizi wafute nyuzi za kutabiri kifo chake pamoja na hizo faili, na waache zile zinazomkosoa kwa hoja, hata kama ni kali. Na kwa waliosoma vitabu vyote vitano, naomba mjibu hili: je, alipokigawa kitabu cha nne na cha tano kwa kufuata wahusika na mahali badala ya kufuata wakati, aliinusuru hadithi, au ndipo alipojifungia mlango ambao hadi leo anatafuta ufunguo wake? Mimi naona ndipo alipojifungia, na niko tayari kupingwa kwa kurasa na sura.