Leseni ninayo, ila kila tangazo la unesi linataka uzoefu. Nianzie wapi?

Nesi_Mpya:
Habari zenu wakuu. Nimemaliza uuguzi miezi 7 iliyopita, mtihani wa leseni nikafaulu mara ya kwanza, leseni ipo kwenye bahasha hapa kabatini. Shida kila tangazo nikifika pale "uzoefu usiopungua mwaka 1" nafunga. Sasa huo mwaka nautoa wapi kama hakuna anayetaka kunianzisha? Nimetuma maombi kama 40, nimeitwa intaviu moja tu na nikaboronga, wakaniuliza mgonjwa wako anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni kwenye damu imeshuka mpaka asilimia 86, utafanyaje, nikasema nitampigia daktari, basi nikanyamaza. Matroni akaniangalia akaandika kitu. Inaniuma kwa sababu jibu nalijua, fildi nimelifanya kwa mikono yangu. Sasa kuna nyumba ya kulea wazee iko tayari kunichukua ila moyo wangu uko wadi ya upasuaji, na wenzangu wanasema nikienda kwa wazee hospitali hazitanitaka tena. Naombeni mawazo.

Mama_Wadi:
Pole mdogo wangu. Mimi ni mkuu wa wadi, na kwenye hiyo meza ya intaviu huwa nakaa upande wa wanaouliza. Mstari wa uzoefu usikutishe, omba tu, mara nyingi wenye huo uzoefu hata hawaombi na sisi zamu lazima zijae.

Tatizo ni sivii. Zinakuja zote zimeandikwa "nina bidii, najituma, nashirikiana na wenzangu", nikimaliza kusoma simjui mtu. Kuna binti mmoja aliandika hivi: wiki 8 wadi ya upasuaji wanaume, nilikuwa napewa wagonjwa 5 chini ya uangalizi, nimefunga vidonda, nimeweka kanula (kale kampira ka kwenye mshipa), nimetoa mipira ya mkojo, nimeandaa wagonjwa wa kwenda theta (chumba cha upasuaji). Huyo nilimwita siku hiyohiyo. Fungua kitabu chako cha mazoezi ya fildi, vyote vimo mle na vimesainiwa.

Na lile swali, kumpigia daktari si kosa, ila umeruka hatua. Usimwache mgonjwa. Ita mwenzako, mkalishe mgonjwa wima, angalia njia ya hewa iko wazi, mwekee oksijeni kwa utaratibu wa wadi, pima mapigo na presha, hapo ndo simu. Na simu yenyewe iwe na mpangilio, ule wa SBAR uliofundishwa chuo (ulianzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani, kule taarifa iliyokosewa ni hatari kama kwetu): hali ilivyo, historia, unavyoona wewe, unachotaka. "Daktari, ni nesi wa wadi ya upasuaji, mgonjwa kitanda namba 12, siku ya pili tangu apasuliwe tumbo, anapumua 32, oksijeni ilikuwa 86 sasa 91 akiwa na maski, mapigo 124, naona kifua kimembana na hali inabadilika haraka, naomba uje sasa hivi." Jizoeze kwa SAUTI, sio kichwani. Kichwani kila mtu anajibu vizuri.

Kaka_Nesi:
Mimi nilianzia kwa wazee nikakaa miezi 14, leo niko wadi ya upasuaji, kwa hiyo hao wenzako wasikutishe. Kule nilijifunza kumsoma mgonjwa. Bibi aliyekuwa anaongea vizuri jana, leo asubuhi hajui yuko wapi, joto la kawaida kabisa, ukichunguza unakuta ana maambukizi. Wazee wengi hawapandishi joto, usiposubiri homa unawahi. Vidonda vya kulala, dawa 10 za mtu mmoja zinazogombana, hayo yote wadi ya upasuaji utayakuta.

Ila kabla hujasaini uliza mambo mawili: nani ataniongoza na kwa muda gani, na usiku nitabaki na wazee wangapi. Nilikoanzia sikuuliza, usiku wangu wa tatu nikaachwa peke yangu, mzee akapaliwa na chakula nikawa natetemeka mikono yote. Mzee alipona, lakini ule usiku sijausahau.

Zamu_Ya_Usiku:
Niongezee dogo tu. Cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, angalia hakijaisha, mara nyingi kinadumu miaka 2. Na intaviu wanapenda kuuliza: kubonyeza kifua mtu mzima ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sm 5 hadi 6, mara 30 kisha pumzi 2. Mpigie pia mkufunzi wako wa fildi akudhamini wakati bado anakukumbuka. Na mtu akikuomba hela ili akutafutie kazi, kimbia.

Nesi_Mpya:
Asanteni sana jamani, Mungu awabariki. Dada Mama_Wadi ile simu nimeisema kwa sauti mara 4, ya nne sikukwama. Kule kwa wazee nimeuliza, wanasema nitaongozwa siku 3 halafu usiku peke yangu na wazee 34. Nimeomba waongeze ziwe wiki 4. Wakikataa je?

Mama_Wadi:
Wakikataa usiende mdogo wangu. Hiyo leseni ni yako, likitokea lolote usiku ule ataulizwa mwenye leseni. Endelea kuomba, na hiyo sivii ukishaiandika upya ibandike hapa niipitie.