Naombeni ushauri: bakteria wa kutoa chumvi shambani, nimwage au niache?

MtuWaMatuta: Wakuu habarini. Nina eka moja na nusu ya nyanya huku tambarare ya Same. Jua likiwaka tuta linakuwa jeupe kama limenyunyiziwa unga, miche inaungua kingo za majani inadumaa. Kuna jamaa anauza madumu ya bakteria wa udongo, anasema wanakula chumvi. Nani kashatumia? Jibuni haraka anarudi Jumatatu.

JembeButu: Achana na nyanya, panda mpunga, ile mbegu ya SATO, inavumilia chumvi.

Kipanga: Sato si samaki huyo 😂

ShangaziKitunguu: Pole mwanangu. Mimi vitunguu vyangu wala havikufa kwa chumvi, viliuliwa na shemeji niliyemwachia pampu akawa anaikodisha kwa jirani, mpaka leo hatusalimiani.

BwanaShambaMstaafu: Bakteria hawali chumvi. Ila wapo wa kweli, kina Bacillus na Pseudomonas, wanakaa mizizini. Mmea ukibanwa na chumvi unatengeneza gesi ya ethilini kupita kiasi, mzizi unagoma kurefuka, sasa hawa wanaimeza malighafi kabla haijawa gesi. Wengine wanatoa ute unaonasa sodiamu. Chumvi yenyewe inabaki palepale, inaondoka kwa kuoshwa na maji yasiyo na chumvi yakapata mtaro wa kutokea. Unamwagilia maji gani?

MtuWaMatuta: Ya kawaida tu mzee.

BwanaShambaMstaafu: Ya kawaida ya wapi? Mfereji? Kisima?

MtuWaMatuta: Kisima. Sabuni haitoi povu ila ng'ombe wanakunywa vizuri tu. Msinishambulie, zamu ya mfereji naipata mara moja kwa wiki mbili na kile kisima kimenila hela, siwezi kukiacha. Halafu nimeshatanguliza laki mbili, za kikoba, kaniachia dumu moja, manne nikimalizia.

MamaNeema: Hela ya kikoba jasho la wanawake wenzangu! Mungu anakuona.

Kipanga: Chai hii. Mimi Mpare, sijaona Mpare wa kutoa laki mbili bila risiti. Huyu ndo muuza madumu mwenyewe, kesho analeta picha ya nyanya zinang'aa na namba ya simu.

MtuWaMatuta: Mimi mkwe wenu tu, natokea Singida. Risiti kweli sina.

Kipanga: Mkwe! Mbuzi ulimaliza?

BwanaShambaMstaafu: Hata kama anauza, wenye chumvi humu ni wengi. Kapime maji na udongo kwanza. Chumvi ya udongo ikipita desisimensi 2.5 kwa mita, ndicho kipimo watakachokupa, nyanya zinaanza kupunguza mavuno. Ukikuta pH imevuka 8.5 hayo yanaweza kuwa magadi, unatangulia na jasi ndo uoshe. Ukimwaga bakteria huku kisima kinaongeza chumvi kila siku, unafukuza nzi kidonda kiko wazi. Hilo dumu umeliweka wapi?

MtuWaMatuta: Juu ya bati la choo. Jamaa alisema wanapenda joto.

JembeButu: Jua la Same? Hao ni marehemu.

MtuWaMatuta: Kwa hiyo ile laki mbili nyingine nimalizie au?