Tupeane uzoefu: kuzeesha nakala za vifaa vya filamu za anga kwa vitu vya madukani Arusha na Moshi

Mwanzisha uzi, Arusha:
Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni wa wenye mpini wa upanga wa mwanga, bastola ya miale au kofia ya askari wa anga, iwe imetoka kwenye printa ya 3D au ni plastiki ya dukani inayong'aa kama sufuria mpya. Leteni mbinu, vipimo, na kosa linaloharibu kazi. "Paka nyeusi halafu futa" hatujaelewa.

Naanza. Kila mkwaruzo uwe na sababu. Kaa kijiweni uangalie tangi la bodaboda iliyokaa barabarani miaka kadhaa: rangi imelika pale magoti yanapobana, mzingo wa kifuniko una weusi wa petroli iliyoshikana na vumbi, na upande wa chini pasipoguswa rangi bado mpya kabisa. Basi kabla ya brashi, kishike kifaa chako kama kinavyotumika, tia alama ya penseli pale vidole vinapokaa, kinaposuguana na mkanda, kinapolalia mezani. Hapo ndipo pa kuchakaza. Kwingine acha.

Fundi msasa:
Mkuu umesema vyema, ila wengi wanakwama mapema zaidi. Plastiki ya dukani ina mafuta ya kiwandani; osha kwa sabuni ya vyombo, usiishike tena kwa mkono mtupu. Ya printa ina mistari: msasa namba 240, pati ya gari kwenye mashimo, praima ya kujaza, kisha 400 na 600 ya maji. Pati ukubwa wa ndimu inataka hadina (dawa ya kuigandisha) ukubwa wa punje ya njegere. Ukizidisha, inaganda kabla hujaitandaza, na hadina iliyobaki inaweza kupenya ikatia doa rangi ya juu. Kijishimo kidogo kinyunyizie baking soda, dondoshea supagluu. Inakuwa jiwe papo hapo, kwa hiyo piga msasa mapema.

Mdau wa Kijenge:
Kubambua rangi: puliza rangi ya fedha, acha siku nzima, funika kwa vanishi ya kung'aa. Ikikauka, spreyi ya nywele mikono miwili myepesi, subiri dakika 20. Juu yake paka rangi ya MAJI, nyembamba. Ikishikana tu, lowesha kwa maji ya vuguvugu, hesabu mpaka sitini, sugua na mswaki mgumu kwenye alama zako za penseli. Spreyi ya chini inayeyuka, rangi inaachia vipande vipande kama bati la zamani.

Ukipaka rangi ya mafuta juu, maji hayapiti na utasugua hadi jioni. Ukipaka nene ukaiacha ilale hadi kesho, inang'oka ganda zima kama ngozi ya maziwa.

Mpenda mpini:
Jiulizeni pia chini ya rangi kuna nini. Mpini wa upanga wa mwanga wa Luke katika filamu ya Star Wars ya 1977 ulitokana na mshikio wa taa ya kamera ya Graflex, ambao ni shaba ya njano iliyopakwa kromu. Kwa hiyo palipolika panatoka unjano, siyo kijivu. Bastola ya Han Solo, wa filamu hiyo hiyo, ilijengwa juu ya bastola halisi, Mauser C96, chuma kitupu. Hapo weusi ukilika unatoka mng'ao wa chuma. Watu wengi wanapaka fedha kila kona bila kuuliza.

Mpini: rangi ya dhahabu kwenye brashi iliyofutwa mpaka karibu kavu, gusa kingo tu, eneo dogo kuliko unavyotamani. Bastola: nyeusi isiyong'aa, kisha saga penseli ya 6B juu ya msasa, chovya kidole kwenye ule unga na usugue kingo. Inatoka rangi ya chuma kabisa, brashi haifikii hapo.

Mgeni wa Moshi:
Vanishi yangu isiyong'aa imetoka nyeupe kama imepakwa poda. Kopo bovu?

Fundi msasa:
Kopo zima, ndugu. Ni unyevu. Kimiminika kinapokauka kinapoza uso wa kitu, mvuke wa hewani unanasa ndani ya vanishi. Wakati wa masika huko Moshi, na asubuhi za ukungu za Juni na Julai hapa Arusha, usipulize. Puliza kati ya saa tano asubuhi na saa tisa mchana, siku kavu, kopo likae dakika kumi kwenye maji ya vuguvugu (yasiwe ya moto), umbali sentimita 20 hadi 25. Weupe huo mara nyingi unaondoka ukirudia mkono mwepesi siku ya jua.

Na kazi yako usiianike juani ndani ya gari. PLA, plastiki ya printa za 3D, inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa mchana wa Februari linaweza kuupinda mpini.

Mdau wa Kijenge:
Uchafu wa kwenye mifereji: rangi ya mafuta ya tyubu ya wasanii, kahawia na nyeusi, sehemu moja kwa kumi za tapentaini. Paka, subiri robo saa, futa kuelekea chini. Msitumie mafuta ya taa, yanaacha ulaini usiokauka. Thina ya magari ndiyo mbaya kabisa, inakula plastiki.

Seremala:
Mwenye mshikio wa mbao: stilwaya iliyooshwa mafuta, ndani ya siki siku mbili, kifuniko kilegee maana inatoa gesi. Pakaa mbao chai ya rangi iliyokolea kwanza, ikauke, kisha hiyo siki. Inageuka kijivu cheusi mbele ya macho.

Mwanzisha uzi:
Vumbi letu je? Jekundu la Moshi linafaa kweli.

Mpenda mpini:
Linafaa likiandaliwa. Kaanga udongo kwenye sufuria kuukuu mpaka ukauke kabisa, chekecha kwa soksi nyembamba ya kike, maana chembe ya mchanga inakwaruza. Pakaza kwa brashi laini kwenye mifereji, kisha vanishi kwa mbali. Vanishi inalififisha, hivyo weka mara mbili ya unavyotaka libaki. Masizi ya sufuria ya kuni nayo ni mazuri mdomoni mwa bastola, ila kidogo mno, yanachafua kila kitu.

Mgeni wa Moshi:
Na kuipandisha kwenye daladala?

Fundi msasa:
Ifunge kwenye begi, na ncha yake iachie rangi ya chungwa ya kuonyesha ni ya bandia. Ukiizeesha vizuri, konda hawezi kujua kuwa ni plastiki.