Idi Pili usiku tuweke muvi gani nyanya asiinuke katikati? Naomba ushauri wenu

BintiTudor:

Wadau salaam. Naombeni msaada maanake Idi ndo hiyo yaja na kwetu huku Tudor, Mombasa, ndo familia yote hukutana Idi Pili, na safari hii binamu yangu aleta projekta tutundike shuka jeupe pale uani tuangalie muvi wote pamoja. Nikisema wote namaanisha wote, kuna nyanya yangu ashapita miaka 80, mama na shangazi zangu, ami yangu ambaye muvi isiyo na ngumi kwake si muvi, na dadangu na wanawe, msichana wa miaka 14 na kijana wa 9. Nyanya Kiingereza hasomi na yale maandishi ya chini yampita mbio. Mwaka jana waliweka muvi ya Kizungu akainuka akenda kulala hata chai haijaletwa, na iliniuma kwelikweli kwa sababu sote tulikuwa tumemfuata yeye. Nataka mwaka huu akae.

Nawapa nilizoziona hivi karibuni na ninavyoziona mimi, nyinyi mniongezee.

Ya kwanza Laapataa Ladies, Kihindi, ilitoka 2024, kaiongoza Kiran Rao. Jamani hii muvi nimeipenda mpaka nimeiona tena. Kijana Deepak katoka kuoa, yuko kwenye treni usiku na bibi harusi wake, na mle behewani mna maharusi wengine na kila bibi harusi kajifunika ushungi mwekundu uso wote hauonekani. Stesheni yake inafika yuko na usingizi, anamshika mkono bibi harusi wanashuka mbio gizani. Nyumbani wanapokewa kwa ngoma na maua, ushungi unafunuliwa, siye! Sasa mkewe mwenyewe Phool kabaki stesheni ya mbali na jina la kijiji cha mumewe halijui sawasawa, na hapo stesheni kuna mama wa kibanda cha chai aitwa Manju Mai, mkali, maneno yake yachoma, lakini ndo anamuweka mtoto wa watu pale na kumfunza kazi na kujisimamia. Vile Phool anavyokaa pale akiogopa hata kuinua uso mimi nililia. Itawafaa kina mama, walioolewa juzi, wanaotaka kuolewa, na wanaume pia waone. Taabu ni lugha, mama yangu Kihindi anakishika nusunusu, nyanya anajua nyimbo tu.

Ya pili The Wild Robot, katuni, pia ya 2024. Roboti Roz anaangukia kisiwani hakuna mtu ni wanyama tupu, anaishia kulea kitoto cha bata bukini kilichobaki peke yake. Sauti ya Roz ni Lupita Nyong'o wetu. Watoto wote itawafaa, na mtu yeyote aliyelea mtoto asiyemzaa aiangalie na leso ya kufutia machozi karibu. Picha zake nzuri ajabu, hata usipoelewa maneno utaelewa.

Ya tatu Sinners ya 2025, ya Ryan Coogler. Michael B. Jordan acheza mapacha wawili, Smoke na Stack, wamerudi kwao Mississippi mwaka 1932 kufungua ukumbi wa muziki, usiku wanakuja wanyonya damu. Kuna pahala binamu yao Sammie apiga gitaa, na ule muziki wawaita waliotangulia na wale bado hawajazaliwa, unaona wacheza ngoma wa Kiafrika, mtu na gitaa la umeme, didjei na sahani zake, wote ndani ya chumba kimoja na wale wakulima wa pamba. Nilisisimka mwili mzima. Mpenda muziki asiikose. Ila damu ni nyingi na mna mambo ya chumbani, mbele ya nyanya na watoto haiwekwi kabisa, na nasema mapema kwa sababu mpwa wangu wa miaka 14 kila siku aniulizia hiyo.

Haya nisaidieni.

Kijana_Likoni:

Tafuta ile ya DJ Afro sis, action yoyote aliyoitafsiri kwa Kiswahili, ami yako atafurahi na nyanya ataelewa. Kwetu hapa kibandani watu hujaa mpaka nje.

BintiTudor:

Ami na yule mdogo watapenda sana najua. Kwa nyanya naona zile kelele na shengi zitamchosha, hata sisi kuna maneno hatuyashiki.

MamaWawiliBamburi:

Dada mimi nasema Supa Modo. Ni ya Kenya, 2018, Likarion Wainaina ndo muongozaji, na wanaongea Kiswahili sehemu kubwa kwa hivyo nyanya hapati shida. Mtoto wa kike Jo ana miaka 9 ni mgonjwa wa kutopona, mamake amtoa hospitali amrudishe nyumbani, na yeye ndoto yake ni kuwa shujaa wa kwenye muvi, wale wa kuruka na kupigana. Dadake Mwix anaanza kumfanya aamini kweli ana nguvu, kisha kijiji kizima kinaingia, mpaka wanaamua kumtengenezea muvi yeye ndo stelingi. Haifiki hata saa moja na nusu. Mimi niliona na wanangu na yule mkubwa alinyamaza siku nzima halafu jioni akaniuliza maswali ya kifo ambayo hajawahi kuniuliza, na tukaongea vizuri sana. Mzazi yeyote aione. Kijana wenu wa 9 ni rika la Jo hasa.

BwanaBarazani:

Bi Mama Wawili hiyo picha nzuri nakubali, lakini Idi? Watu wamevaa vizuri wamekula pilau wamefurahi halafu uwaliza. Na pale kuna ajuza wa miaka 80, huenda kazika watoto wake mwenyewe, hatujui. Iekwe siku nyingine.

Mwanangu BintiTudor hebu nisikize mimi mtu mzima. Wewe watafuta picha mpya, na umetwambia mwenyewe kuwa nyanyako nyimbo za Kihindi azijua. Azijua kutoka wapi? Wanawake wa umri wake hapa Mombasa walikuwa waenda picha, enzi za sinema za Regal na Naaz, na kulikuwa na shoo za wanawake watupu mchana, mabuibui yamejaa mlangoni, mamangu alikuwa haikosi. Wakirudi hadithi yote wameishika na hakuna aliyesoma maandishi. Mpe picha ya wakati wake.

Weka Amar Akbar Anthony, ya 1977, ya Manmohan Desai. Ndugu watatu wapotezana wakiwa wadogo, mmoja alelewa na polisi Mhindu, mmoja na fundi cherehani Muislamu, mmoja na padri Mkatoliki, wakuwa wakubwa wakutana na hawajuani. Amitabh Bachchan ndo Anthony, Vinod Khanna ndo Amar, Rishi Kapoor ndo Akbar muimbaji wa kawali, zile nyimbo za Waislamu wa Kihindi. Mwanzo tu kuna mama kagongwa na gari ahitaji damu, vijana watatu walazwa vitanda vitatu sambamba, mipira ya damu yatoka mikononi mwao yaenda kwa mama mmoja, na wewe mtazamaji ushajua huyo ni mama yao na wao hawajui, wala yeye hajui maana ni kipofu. Hapo hakuna cha kutafsiri. Mtu wa lugha yoyote aelewa. Na ile kawali ya Akbar, yule bibie kakaa ukumbini na babake, kajifunika, na Akbar yuko jukwaani amuimbia afunue uso, wallahi angalia shangazi zako watakavyopiga makofi.

Amiyo apata ngumi zake, Amitabh na Vinod Khanna wapigana barabara. Watoto wapata kichekesho, kuna pahala Anthony atoka ndani ya yai kubwa amevaa koti la mkia. Na ndugu wa dini tatu tumbo moja, hilo kwa mji wetu huu halihitaji maelezo.

Mswahili_Damu:

Bwana Barazani umesema kweli tupu, lakini jamani mbona hatutaji ya Kiswahili chetu. Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, 2021, kutoka kitabu cha Adam Shafi. Unguja miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko, msichana wa Kihindi Yasmin kaozwa mzee akakimbia, apendana na Denge ambaye yuko kwenye harakati za kupigania uhuru. Kiswahili chao ni kile kile cha kwetu, vichochoro ukiviona utadhani uko Mji wa Kale, na taarabu ndani. Aliyesoma kitabu aione, anayependa historia aione, wapenzi wa picha nzuri waione maanake vile walivyocheza na mwanga na kivuli sijaona muvi nyingine ya Afrika Mashariki imefanya hivyo. Iko taratibu, ami wa ngumi atasinzia.

BintiTudor:

Hii nimeiona! Naipenda sana. Ila mapenzi yake mbele ya nyanya na ami na watoto nitaona haya, hiyo tutaiangalia mimi na binamu zangu. Na nafikiri mtu asome kitabu kwanza, Mwajuma wa kwenye kitabu ana maneno mengi matamu ambayo muvi haikuweza kuyabeba yote.

MwanaKaloleni:

Nichangie moja tu, si ya Idi lakini vijana wa pwani waione. The Letter, 2019, ni dokumentari ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana Karisa anaishi mjini Mombasa, asikia nyanyake kule mashambani anaitwa mchawi, aenda nyumbani kuulizia ni nani anasema na kwa nini. Ukifuata unakuta shamba liko kati. Sisi wa Kilifi hili tunaishi nalo, wazee wanauawa kwa maneno hayo. Yule nyanya wa kwenye muvi ni mchangamfu ana nguvu analima, na unamuangalia unajua kuna watu wa damu yake wanamtaka aondoke. Vijana waliohamia mjini na wakaacha wazee peke yao mashambani, hii ni yenu. Kenya iliipeleka kwenye Oscar na watu wengi hapa hawaijui, hilo laniudhi.

BintiTudor:

Asante ndugu, naichukua hiyo. Nitaiona mwenyewe kwanza.

MamaWawiliBamburi:

Sawa Bwana Barazani nimekuelewa kuhusu Idi, nakubaliana na wewe. Basi huyo msichana wa 14, asinung'unike na Sinners yake, mpeni Queen of Katwe ya 2016, ya Mira Nair. Ni kisa cha kweli cha Phiona Mutesi, mtoto wa mtaa wa Katwe kule Kampala auza mahindi halafu awa bingwa wa sataranji. Lupita tena, huku ni mama mtu. Hakuna chembe ya aibu, na msichana yeyote anayeambiwa nyumbani kwao hela hakuna itamfaa.

BintiTudor:

Wadau nimeamua hivi, jioni kabla ya magharibi watoto waekewe The Wild Robot ndani kwenye tivii, baada ya isha uani Amar Akbar Anthony kwa wote, na kina mama watakaobaki macho nawawekea Laapataa Ladies. Queen of Katwe namuwekea mpwa wangu kwenye flashi. Bwana Barazani nimemuuliza mama, asema nyanya hiyo ya ndugu watatu aliiona na bado humtaja "yule wa yai". Sasa kitu kimoja, hiyo muvi naona ni saa tatu nzima, nyanya atakaa kweli?

BwanaBarazani:

Atakaa. Picha zile zina mapumziko yake katikati, na hapo ndo wakati wa chai na kaimati, msigawe kabla. Muekeeni kiti cha kuegemea si mkeka, mbele kidogo upande ambao sikio lasikia vizuri, na mmoja wenu anayejua Kihindi akae naye karibu, asimtafsirie kila neno, amtajie tu fulani ni nani wa fulani. Na spika iwekwe karibu yake, msiiweke kule nyuma na projekta.

Kijana_Likoni:

Na shuka mlivute vizuri mlifunge chini pia, upepo wa huko Tudor usiku ukianza nyuso zote zitapinda.