Kuishi kwa kucheza poka: ni kazi au ni kamari tu?

Mleta mada:
Wadau, mtu mzima mwenye akili timamu akisema kazi yake ni kucheza poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana dau, tumwite mfanyakazi au mcheza kamari?

Kwanza nikubali jambo ambalo wengi hubishia: poka ina ufundi. Kwenye ruleti, ule mchezo wa gurudumu na namba, unapambana na kasino, na hesabu imeshapangwa ikumalize. Kwenye poka unapambana na wachezaji wenzako, kasino inakata kamisheni yake na wala haijali nani kashinda. Anayejua lini atupe karata, lini apandishe dau na lini azuge kwamba ana karata nzuri, atawashinda wasiojua. Mwaka 2017 programu iitwayo Libratus, kazi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa katika migao 120,000 (mgao ni raundi moja, tangu karata zigawiwe hadi mshindi achukue hela). Bahati haidumu hivyo.

Tatizo langu ni mshahara. Wachezaji hupima faida kwa idadi ya madau makubwa ya lazima (lile dau ambalo mchezaji mmoja hulazimika kuweka kabla ya kuona karata) wanayopata katika kila migao 100. Tuseme wewe ni mzuri hasa, unapata madau 5. Lakini katika Texas Hold'em isiyo na kikomo, yaani aina ya poka ambayo unaweza kuweka dau hela zako zote za mezani, matokeo huyumba sana juu na chini ya wastani. Kadiria madau 90 kwa migao hiyohiyo 100. Sasa piga hesabu. Baada ya migao 10,000 unatarajia faida ya madau 500, huku myumbo wake ni madau 900 (faida imekua mara 100, myumbo mara 10 tu, yaani kipeuo cha pili cha 100, kwa kuwa bahati nzuri na mbaya hupunguzana). Yaani katika wachezaji kumi wa kiwango chako, karibu watatu watakuwa wamekula hasara bila kukosea popote. Na meza inayogawa karata mara 30 kwa saa itahitaji saa zaidi ya 330 kufikisha migao hiyo, karibu miezi miwili ya kushinda kitini. Mwenye nyumba anataka kodi yake kila mwezi.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, hata mvuvi huweza kurudi mtupu msimu mzima na hakuna anayemwita mcheza kamari. Dawa ni mtaji. Hela ya kula ikae kwake, hela ya mezani ikae kwake, na mtaji ukipungua unashuka meza ya madau madogo bila kuona aibu. Wanaofilisika wengi hawashindwi karata, wanashindwa kushuka. Halafu Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua mwaka 1987, kesi ya Groetzinger, kwamba anayecheza kamari muda wote, mfululizo, kwa nia ya kujipatia riziki, anafanya shughuli ya kibiashara. Mnabisha nini tena?

Mchangiaji wa 2:
Kesi hiyo umeisoma mpaka mwisho, ndugu? Groetzinger alikuwa akibeti mbio za mbwa, saa 60 hadi 80 kwa wiki, na mwaka uliobishaniwa alifunga hesabu na hasara ya dola 2,032. Mahakama iliitambua kazi yake. Riziki haikuonekana.

Mchangiaji wa 3:
Mimi ni Muislamu, kwangu kamari ni haramu na hapo nimemaliza. Ila hata mkiweka dini pembeni, mfano wa mvuvi haukai. Yeye anatoa samaki baharini, huyu anatoa hela mfukoni mwa mwenzake. Tena kwa kuwa kasino inakata chake, wote wa mezani kwa pamoja huondoka na pungufu ya walichokuja nacho. Ili mmoja ale kila mwezi, lazima kuna mwingine anayepoteza kila mwezi. Huyo ni nani? Ni mtu aliyepokea mshahara jana.

Mleta mada:
Hapo umenigusa kuliko hesabu zangu zote. Angalieni historia yenyewe. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia mtandaoni, alitwaa ubingwa wa dunia wa poka na dola milioni 2.5. (Hilo ndilo jina lake halisi, msicheke.) Wageni wakamiminika mezani na wakongwe wakanona. Aprili 2011 serikali ya Marekani ikazibana tovuti kubwa za poka, fedha za wachezaji zikakwama, na baadhi ya waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo wakahamia nchi nyingine. Ufundi wao haukupungua hata chembe. Walipungukiwa watu wa kuwashinda.

Kwa hiyo ndugu yangu wa mtaji, mtaji hautoshi. Ujuzi unaolipa ni kujua meza ipi ina walio dhaifu kuliko wewe, na siku hizi hata hao wana programu za kujifunzia.

Mchangiaji wa 1:
Kila biashara inatafuta wateja, mkuu. Mwanasheria naye anakula ugomvi wa watu.

Mchangiaji wa 4:
Mnasahau wadhamini. Ukiona mtu kabeba kombe na dola laki kadhaa, huenda nusu si yake. Wapo wanaouza hisa za matokeo yao ili wapate kiingilio. Wapo pia wanaochezea hela ya mdhamini, na hasara inabaki deni mpaka washinde waifute ndipo wagawane faida. Mtu anaweza kushinda mashindano asiondoke na kitu.

Mleta mada:
Basi anayeishi kwa poka humu atuambie: kwa saa moja, ukitoa kamisheni, safari, kodi na fungu la mdhamini, unabaki na ngapi? Na umeipima kwa migao mingapi?